Trevor na Mtoto Aliye Karibu

Mdogo wangu Trevor ana maoni juu ya kila kitu chenye waya, na kisicho na waya atakitafutia. Hajanawa uso, tayari anakueleza kwa nini sayari ya Pluto ilionewa. Nani alimuuliza? Hakuna mtu. Mimi nakanda unga wa chapati, yeye amesimama mlangoni na mswaki mdomoni, ananiambia wanasayansi walikaa kikao wakapiga kura, sayari nzima ikafukuzwa bila kupewa nafasi ya kujitetea. "Dada, hiyo ni haki kweli?" Namwambia haki ni wewe kuniletea maji, Pluto atangoja.

Naitwa Chepkoech. Kwetu ni Bomet, lakini nakaa Juba, huku Mangateen, na nina hoteli ndogo chini ya rakuba, yaani kivuli cha miti na mikeka. Viti vya plastiki, jiko la makaa, maharagwe, chapati, basi. Mume wangu anaendesha lori la njia ya Nimule. Leo yuko, kesho hayuko. Mtoto wetu ni Christabel, tunamwita Bela, bado wa kubebwa mgongoni akichoka. Trevor alikuja kututembelea alipomaliza shule. Akaona watu wanahangaika na simu zilizozima, akafungua kibanda cha kuchaji ukuta kwa ukuta na hoteli yangu, na habari za kurudi Bomet zikaishia hapo.

Ukutani mwa kibanda kuna ubao uliojaa soketi. Kila simu inayoletwa anaibandika plasta yenye namba, na mwenyewe anapewa kikaratasi chenye namba hiyohiyo. Nusu ya mtaa simu zao hushinda pale. Anajaza nyimbo kwenye memori kadi, anafungua simu zilizoingia maji, na ana runinga ya vijana kuchezea gemu za mpira. Halafu kuna kompyuta yake mwenyewe, aliyoiunganisha kutoka kwa kompyuta zilizokufa za ofisi za watu. Hiyo haiguswi. Mimi mwenyewe nikitaka kuifuta vumbi lazima niombe ruhusa, na chapati zangu anakula bila kuomba.

Maoni yake nayajua kwa moyo. Gemu ni mwendo, si sura. Ikikwama-kwama, hata iwe na picha za mbinguni, ni takataka. Simu mpya ni wizi, kwa sababu ya zamani inafanya yote ukibadilisha betri. Akili bandia haitachukua kazi ya mtu Mangateen maana kwanza itafute mahali pa kuchaji. Wanaotaka kuhamia Mars waje wajaribu Juba mwezi wa tatu, bila umeme, bila maji, kisha watuambie kama bado wanataka. Hapo hucheka peke yake. Na maoni aliyoyapenda kuliko yote ni haya: "Woga ni kemikali tu, dada. Adrenalini. Ubongo ukiufundisha kwamba hakuna hatari, unatulia."

Nilikuwa namwangalia tu. Kijana aliyelelewa Bomet na uji wa maziwa, ataniambia nini mimi kuhusu woga?

Kwa sababu hapa kuna sheria moja ambayo kila mtu anaijua. Gemu ya mpira unaweza kuifungulia sauti, vijana wapige kelele wanavyotaka. Gemu ya bunduki ni hedifoni masikioni, basi. Mangateen imejaa watu waliokuja kwa kukimbia, wengine wamekimbia mara nyingi kuliko walivyohama nyumba, na kwao mlio wa bunduki si mchezo. Mzee wa mtaa alimwambia Trevor siku ya kwanza, na Trevor alitii. Alinung'unika, lakini alitii. "Sauti ndiyo nusu ya gemu," alikuwa akisema. Tena alijigamba kwamba gemu zimemfundisha kutofautisha kila bunduki kwa mlio wake. Hii ni ya karibu, hii ni ya mbali, hii ni ya kweli, hii ya uongo. Hajawahi kusikia ya kweli hata moja, lakini utamwambia nini?

Mbele ya hoteli yangu, ukingoni mwa barabara, huketi Nyakuoth. Anauza chai. Ni mama mtu mzima, mrefu, mwembamba, Mnuer wa huko kwenye kambi ya waliokimbia vita, nyuma yetu. Kiswahili alikipata Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi Kenya, na amerudi nacho Juba kikiwa na vumbi la huko. Bela anamwita haboba, bibi kwa Kiarabu cha Juba, na hushinda pale miguuni pake akipanga vizibo vya soda.

Siku moja tairi ya lori ilipasuka barabarani. Paa! Nilishtuka nikadondosha mwiko. Nilipoinua macho, Nyakuoth alikuwa amekwisha kusimama, amembeba begani mtoto wa jirani, mtoto ambaye sidhani alimjua hata jina. Trevor akatoka akicheka. "Mama, hiyo ni hewa tu, imetoka kwa presha!" Nyakuoth akamshusha mtoto taratibu, akarudi kwa birika lake. Baadaye nilimuuliza kwa nini alimkamata yule.

"Alikuwa karibu," akasema.

"Lakini si wako."

"Mama Bela, bunduki ikilia, hakuna wangu, hakuna wako. Unabeba mtoto ako karibu, unaenda. Yule mama mwingine atabeba wako. Mbele mtatafutana." Akamimina chai. "Vita ya kwanza sikujua hiyo. Mimi nilibeba unga. Nilifikiri msichana yangu anafuata nyuma."

Aliniambia tu kwamba waliobaki hai walivuka daraja la mto mpaka Gumbo, kwenye kanisa fulani la mabati, kwa sababu njia ya Nimule inaanzia huko na Nimule ukivuka uko Uganda. Alisema akikimbia tena atakimbilia hukohuko.

Sasa niwaeleze hiyo Jumamosi.

Trevor alikuwa ameandaa mashindano ya gemu ya mpira, vijana wa mitaa yote, mchana. Akaazima spika kubwa ya kanisani anakosali, ya zile zinazojiunga na kompyuta kwa hewa bila waya, akaisimamisha nje ya mlango ikitazama barabara. Jana yake alikuwa ameijaribu kwa nyimbo za kwaya, ikafanya kazi vizuri sana, sufuria zangu zikatetemeka. Wiki hiyo mji haukuwa na raha. Uvumi ulikuwa mwingi, magari ya askari yalipita mara kwa mara, na watu walikuwa wakinunua unga zaidi ya kawaida. Nilimwambia, "Trevor, mashindano yangoje." Akasema, "Dada, uvumi hauna ushahidi wa kisayansi."

Wachezaji wakachelewa. Akachoka kungoja. Akaenda nyuma akawasha jenereta ili spika iwe na moto, akarudi kwenye kompyuta yake, akavaa hedifoni kama sheria inavyosema, akafungua gemu ya bunduki apitishe muda. Hakujua kwamba spika ikipata moto tu inaitafuta kompyuta iliyoizoea na kujiunga nayo yenyewe. Kwenye hedifoni hakusikia kitu. Akafikiri sauti iko chini. Akaipandisha mpaka mwisho.

Mimi nilikuwa nageuza chapati.

Ndugu zangu, sitaki kuusikia tena ule mlio. Haikuwa paa moja. Ilikuwa mfululizo, ta-ta-ta-ta, kisha mlipuko mzito, kisha watu wanapiga mayowe kwa lugha nisiyoijua, na yote yanatokea hapo karibu kabisa. Nilianguka chini. Mafuta ya moto yaliniunguza mkono na sikuhisi. Nilimsikia mtu akipiga kelele "Ajri! Ajri!" yaani kimbia, na miguu ikaanza kupita, miguu mingi, viti vikaanguka, mtu akanikanyaga mgongo. Nilikuwa na wazo moja tu kichwani: Bela amelala ndani, nyuma ya pazia, nilimlaza mwenyewe.

Nikatambaa. Nilifika kwenye godoro nikapapasa. Shuka. Mto. Nikapapasa tena, nikainua godoro lenyewe, kana kwamba mtoto anaweza kuwa chini yake. Hayupo. Aliamka, akatoka, akaenda kwa vizibo vyake vya soda. Mungu wangu, alikuwa barabarani!

Nikatoka nimeinama. Risasi bado zinalia. Barabara ilikuwa tupu, na utupu ule ndio ulionitisha kuliko mlio. Ndala zimetapakaa. Birika la Nyakuoth limeanguka, chai inaingia ardhini bado inatoa moshi. Vizibo vya Bela vilikuwa vimepangwa mstari mzuri, na Bela hayupo. Nikaita. Nikaita tena.

Halafu, wallahi, muziki ukaanza. Tarumbeta! Muziki wa sherehe, na sauti ya mwanamume wa Kizungu ikitangaza mchezo umekwisha.

Nilisimama pale katikati ya barabara nisielewe. Kisha nikaiangalia ile spika ya kanisa.

Nilimkuta Trevor chini ya meza. Hedifoni zilikuwa shingoni, mikono imefunika kichwa, anasema, "Dada, lala chini, wamefika, wako nje." Yeye! Bingwa wa milio ya bunduki! Alisikia gemu yake mwenyewe ikilia nje akajua ni vita, akajitupa chini na kuiacha iendelee kupigana peke yake. Nilimshika ukosi nikamvuta. "Ni wewe," nilimwambia. "Ni kompyuta yako, mpumbavu wewe! Bela yuko wapi?"

Aliitazama kompyuta, akatazama mlangoni, na nikaona anaelewa. Uso wake ulikuwa wa majivu.

"Nyakuoth," akasema. "Alikuwa kwa Nyakuoth."

Nikachomoa simu yangu, nikampigia. Ikaita. Nikashukuru Mungu, ikaita! Na palepale, ukutani, kwenye ubao wa Trevor, simu ndogo yenye plasta ikaanza kulia na kuwaka taa.

Tuliitazama tu. Ililia mpaka ikakata.

Kisha ya pembeni yake ikaanza. Halafu nyingine. Nusu ya mtaa ilikuwa imekimbia na simu zao ziko pale, na jamaa zao kutoka kila pembe ya Juba wakaanza kuwapigia. Ubao mzima ukawa unalia. Kila simu ilikuwa mtu anayemtafuta mtu, na hakuna wa kupokea. Trevor alianza kuzichomoa moja moja. "Si vita. Ni gemu. Ndiyo, gemu ya kompyuta. Mwambieni arudi. Samahani. Si vita, mama, samahani." Nilisikia matusi yakitoka ndani ya simu kwa lugha zote za mji huu, naye anajibu samahani, machozi yanamtoka, anachomoa nyingine.

Mimi sikuweza kungoja. Woga una namna ya kukuonyesha picha. Nilimwona Bela chini ya magurudumu ya lori. Nilimwona mtoni. Nikawaza, labda hata si Nyakuoth aliyembeba, labda ni mtu mwingine yeyote aliyekuwa karibu, mtu nisiyemjua, ameshapanda raksha ya magurudumu matatu na kwenda na mwanangu bila kujua jina lake wala la mama yake. Jua lilikuwa linashuka. Giza likiingia nani atatembea na mtoto wa mtu kwenye wiki kama hiyo? Na baba yake akipiga simu kutoka Nimule nitamwambia nini?

Cirillo, dereva wa bodaboda wa stendi yetu, ndiye alikuwa wa kwanza kurudi. Alipita pole pole akichungulia. Nikamrukia karibu nimwangushe. "Gumbo," nilimwambia. "Kanisa la mabati. Twende!"

"Kuna nini huko?"

"Sijui. Nyakuoth alisema akikimbia atakimbilia huko. Cirillo, nakuomba!"

"Yala, panda."

Trevor akamkabidhi mzee wa mtaa, aliyetokea wakati huohuo, simu zote, akajibana nyuma yangu, wala sikumfukuza. Njia nzima nilikuwa natazama kila mwanamke mwenye mtoto. Karibu na daraja askari walitusimamisha. Mmoja akauliza milio ya Mangateen ilikuwa nini. Nilihisi moyo wa Trevor ukigonga mgongoni mwangu. Cirillo akajibu kwa Kiarabu, haraka haraka, akaonyesha kwangu, nikasikia neno jena, mtoto. Askari aliutazama uso wangu akatupisha.

Daraja lilikuwa limejaa watu wanaotembea kuelekea ng'ambo. Magodoro kichwani, kuku mkononi. Walikuwa hawajapata habari, na vita vya Trevor vilikuwa vimefika mbele yetu. Yeye akaanza kupaza sauti kutoka kwenye bodaboda, "Ni gemu! Rudini, ni gemu!" Hakuna aliyegeuka hata kichwa. Nani atamwamini kijana anayelia?

Kanisa tulilikuta limejaa hadi uani. Nikapita kati ya wanawake, nikawa nainua kanga za watu nikitazama watoto waliolala. Wengine walinisukuma. Mwingine akanishika mkono akaniuliza kama nimemwona wa kwake.

Nyakuoth alikuwa ameketi mwisho kabisa, ameegemea ukuta, miguu yake mitupu inavuja damu. Bela alikuwa mapajani pake, anatafuna mandazi, sijui alipewa na nani. Aliponiona akasema, "Mama, haboba alikimbia sana."

Nikaanguka magotini, nikanyoosha mikono. Nyakuoth hakumwachia.

"Ngoja," akasema. "Bado. Wananyamaza kidogo, halafu wanaanza."

"Mama, kumeisha."

"Umejuaje?"

Nikageuka nimtazame Trevor. Alikuwa amesimama nyuma yangu, yule mwenye maoni, na nilingoja atoe ya leo. Akafungua mdomo. Akaanza, "Mama, ile spika inajiunga na..." akaacha. Akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wa Nyakuoth.

"Ilikuwa mimi," akasema. "Hakuna bunduki. Ilikuwa gemu kwa kompyuta yangu, ikatoka nje. Mimi pia nilijificha. Nisamehe, mama."

Nyakuoth akamkazia macho. Nilifikiri atampiga kofi, na ningemshikia.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna mtu."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, mama."

Ndipo mikono ya Nyakuoth ikalegea. Bela akateleza akaja kwangu, nikamkumbatia hadi akalalamika. Nyakuoth alijifunika uso na kitambaa chake, mabega yakaanza kutikisika. Mwanzoni sikujua kama analia au anacheka. "Kalas," alikuwa akisema, yaani basi, imekwisha. "Kalas. Hii ni vita ya kwanza mimi nakimbia na mtu hakufa."

Trevor alimbeba mgongoni mpaka kwa bodaboda kwa sababu ya ile miguu, na yeye mwenyewe akarudi Mangateen kwa kutembea, akiwaambia watu njiani. Spika ilirudi kanisani. Mzee wa mtaa alimwita kikaoni, akamsema mpaka jasho likamtoka, na watu wakakubali abaki kwa sababu ndiye anayechaji simu. Birika jipya la Nyakuoth alilinunua yeye. Sasa simu ya Nyakuoth haiachi kwenye ubao mpaka jioni; ikijaa tu anampelekea mwenyewe, mkononi.

Kompyuta bado ipo. Maoni bado yapo, ila yamepungua. Juzi alirudi kwa Pluto. Nikafurahi kumsikia, nikajifanya nimekasirika.

Lile la woga kuwa kemikali hajalisema tena. Wiki iliyopita, mchana watu wakila, bomba la moshi la pikipiki lililipuka mbele ya hoteli. Paa! Nikamtafuta Bela. Nyakuoth alikuwa ameshamweka begani. Nikatazama barabarani, na Trevor alikuwa huko, ameshakimbia hatua nyingi kuelekea darajani, peku, amemkumbatia kijitoto cha kiume kilichokuwa kimeshika bakuli la maharagwe yangu. Alisimama akasikiliza. Pikipiki ikalipuka tena, akaona ni pikipiki. Watu wengine wakacheka, yeye hakucheka. Akarudi pole pole, mtoto bado amemshika shati.

"Dada," akaniuliza, anahema, "huyu ni wa nani?"

Nikamwambia sijui, mshike tu, mama yake atakuja.